Wenye skrepa, msivunje kabla hatujafika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie watu wa aina mbili: wenye mizani za skrepa pale Gerezani na kwingineko jijini Dar es Salaam, na vijana wanaotamani kujenga mitambo ya redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana kwa redio kwa kupenda tu na si kwa biashara, lakini wanakatishwa tamaa na bei za antena za dukani. Mali wanayoitafuta hawa iko kwa wale, inauzwa kwa kilo, na nyingi inaishia kwenye tanuri kabla haijaonwa na anayeijua.

Bomba la aluminiamu ndilo la kwanza kutafuta. Umeme wa redio haupiti katikati ya metali, hupita juu juu. Kwenye megahezi 7 hutumia ngozi ya shaba yenye unene wa milimita 0.025 hivi, na kwenye megahezi 145 ngozi hiyo hupungua hadi karibu milimita 0.006. Anayenunua fimbo nzito isiyo na uwazi ndani analipia uzito usiofanya kazi. Bomba la kipenyo cha milimita 12 lenye ukuta wa milimita 1 lina gramu 93 tu kwa mita. Antena ya wima ya megahezi 145 inataka kipande kimoja cha sentimita 49 kinachosimama na vinne vya sentimita 52 vinavyoinama chini kwa nyuzi 45. Vyote pamoja havifiki robo kilo.

Mabomba hayo hutoka kwenye antena kuukuu za televisheni, fimbo za mapazia na viti vya kukunja. Nenda na sumaku mfukoni, kwa sababu fimbo nyingi za mapazia ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa, na chuma hupoteza nguvu ya mawimbi kwa joto. Nenda pia na tupa. Fremu za madirisha zina ngozi ngumu ya kiwandani isiyopitisha umeme, hivyo bolti ikifungwa juu yake bila kukwanguliwa, antena inabaki pambo. Sugua mpaka ung'avu utokee, kisha pima kwa mita ya umeme: kati ya ncha moja na nyingine usomaji ukaribie omu sifuri.

Aluminiamu haishiki risasi ya kawaida ya kulehemu, kwa hiyo maungio ni ya bolti. Hapa ndipo antena nyingi za pwani zinapofia. Shaba ya kebo ikigusana moja kwa moja na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu huliwa, unga mweupe hujaa kwenye kiungo, na redio huanza kukwaruza kila upepo ukivuma. Weka washa ya stenlesi kati ya metali hizo mbili, paka grisi, kisha funga kwa mpira usiopenyeza maji.

Kwa waya wa shaba, epukeni uliochomwa moto ili kuondoa plastiki. Moto huulainisha, na ukivutwa kati ya nguzo mbili hurefuka. Antena ya waya ya megahezi 7.1, inayoungwa kebo katikati, ina mita 20.1, yaani mita 10.07 kila upande. Ikirefuka kwa sentimita 20 tu, masafa yake hushuka kwa kilohezi 70 hivi, na bendi yenyewe, yaani masafa yote tuliyotengewa hapo, ina kilohezi 200. Kwaruza waya kwa kisu pia: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Inafaa kwa antena, ila hukatika upesi na bei yake isiwe ya shaba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Redio za zamani zina kondensa ya kutafutia stesheni, ile yenye mabati membamba yanayoingiliana ukizungusha kitufe. Kwenye mizani ni gramu chache za aluminiamu, hivyo hugongwa nyundo pamoja na vingine. Kwa fundi redio, ni kifaa ambacho dukani ni shida kukipata. Chukua bomba la shaba la kiyoyozi lenye kipenyo cha karibu milimita 10, kata mita 3.14, likunje liwe duara la kipenyo cha mita 1, na uunge kondensa hiyo kwenye ncha zake mbili. Kondensa ikiwekwa kwenye pikofaradi 170 hivi (kipimo cha uwezo wake wa kushika chaji) duara hilo linakaa kwenye megahezi 7.1, na kwa pikofaradi 43 liko megahezi 14.2. Kondensa ya pikofaradi 365 inafika kote kuwili. Kebo ya redio inaungwa kwenye duara dogo la sentimita 20 linalokaa ndani ya lile kubwa. Anayeishi ghorofani bila uwanja ana antena kamili hapo.

Lehemu maungio yote ya duara hilo, usitumie bolti. Ukinzani wake wote ni sehemu ndogo ya omu moja, hivyo kiungo kibovu kimoja hula nguvu yote. Na iwe ya kusikilizia: ukirusha hata wati 5, volti kwenye kondensa hukaribia 1,000 na cheche huruka kati ya mabati. Kabla ya kulipa, zungusha kondensa polepole huku mita ikipima kati ya mabati yanayozunguka na yaliyotulia. Ikilia popote, kuna bati lililopinda. Linyooshe kwa kisu chembamba.

Bomba la kiyoyozi lisafishwe ndani kabla ya kukutana na moto, maana mabaki ya gesi yakiungua hutoa sumu. Oveni ya maikrowevu ina kasha zuri la bati, lakini kondensa yake inaweza kushika umeme wa kuua hata ikiwa haijachomekwa. Asiyejua kuiondolea chaji asiifungue. Waya mnene wa shaba ambao muuzaji hawezi kusema umetoka wapi uacheni hapo hapo. Huenda mtaa mzima uko gizani kwa sababu yake. Na kurusha mawimbi kunataka leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ombi langu kwa wenye mizani: wekeni pipa moja pembeni la redio kuukuu ambazo hazijavunjwa, na mabomba ya aluminiamu ya mita moja na kuendelea msiyakate wala kuyaponda. Tutayanunua kwa bei ya kilo mnayotaka, na kondensa tutaiongezea juu ya hiyo.

Mpenzi wa redio ya ridhaa,
Dar es Salaam