Walowezi walikuwa Tanga, mikono ilitoka Kigoma

Mhariri,

Kila Desemba magazeti yanapoandika habari za Uhuru, walowezi hutajwa kwa Tanga, Kilimanjaro na Iringa, na Kigoma hupitwa kana kwamba ukoloni uliishia njiani. Mashamba makubwa ya Wazungu kweli hayakuwa huku, lakini wengi waliokata mkonge wa mashamba hayo walitoka Buha, nchi ya Waha huku Kigoma.

Sababu imo katika mmea wenyewe. Miche ya Richard Hindorf kutoka Florida iliyofika Tanga hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu, na kutoka hapo mkonge ukaenea. Jani likishakatwa lazima lifikishwe upesi kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na jani, maana likikauka nyuzi hazitoki vizuri. Katika kilo 100 za majani hupatikana takriban kilo 4 za nyuzi. Shamba likahitaji wakataji wengi mwaka mzima, nao wenyeji wa jirani, wenye mahindi na mihogo yao, hawakuitaka kazi hiyo kwa ujira ule.

Kwa hiyo watu walitafutwa mbali. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku Buha zao la kuuza halikutiliwa mkazo kwa muda mrefu. Mwanamume akabaki na njia ya kujiandikisha umanamba, yaani ukibarua wa mkataba katika mashamba ya mbali. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikambeba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo cha kuandikisha na kusafirisha vibarua.

Mkataba ulihesabiwa kwa vipande, wala si kwa kalenda. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ilitiwa alama pale tu kazi ya kutwa ilipokamilika. Aliyeugua au kushindwa kumaliza aliipoteza siku hiyo, na mwezi mmoja wa kadi ukaweza kumla wiki sita au zaidi. Huu ndio wizi ambao vitabu vya shule vinaupitia kwa sentensi moja!

Kambini Muha aliishi na Mnyamwezi na Mbena, wakazungumza Kiswahili, wakalinganisha kadi zao. Walioichukulia TANU kuwa jambo la wasomi wa mjini wanasahau watu hawa. Januari 1958 TANU ilipokutana Tabora kujadili kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, masharti ya mpiga kura yalikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo maalumu, na kila mmoja alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkata mkonge hakukaribia kipato hicho. Waliokubali kuingia katika uchaguzi ule, Mwalimu Nyerere akiwa mbele, walijua wengi wa wanachama wao wangebaki nje ya kituo cha kura. Kwa maoni yangu walichagua sawasawa, lakini gharama yake itajwe.

Ombi langu ni kwa walimu wa Kasulu, Kibondo na Ujiji: waliokuwa manamba wamebaki wachache, wahojini sasa. Msianze na "mwaka gani?", kwa kuwa wengi wanakumbuka idadi ya vipande kuliko miaka. Ulizeni alishuka treni wapi na akaendelea kwa usafiri gani. Reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati mwaka 1963. Aliyepandishwa lori kutoka Morogoro kwenda Korogwe huenda alisafiri kabla ya hapo, na aliyefika Korogwe kwa treni moja kwa moja alisafiri baadaye. Kisha ulizeni jina la shamba, la kambi, na nani aliishi chumba cha pili.

Familia ikiwa bado ina kipande, kipigeni picha pande zote mbili, kivulini, bila mwanga wa flashi. Msikitie lamineshini: joto huharibu karatasi kuukuu, na plastiki ile haibanduki tena. Kiwekeni ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na moshi wa jikoni, na jina la mwenyewe liandikwe juu ya bahasha kabla hakijaingizwa ndani.

Mwalimu wa historia,
Ujiji, Kigoma