Risala ya Wahitimu wa Fani ya Umeme kwa Mgeni Rasmi, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Nawe, afande, tunakushukuru kwa kuacha majukumu mengi ya jeshi la wanamaji ukaja kuketi nasi. Karibu sana Mtwara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumefundishwa umeme wa majumbani, mota na paneli, na tumeelewa vizuri. Lakini karakana yetu na bandari ni pua na mdomo. Kwa jirani zetu wa Kilwa, gesi ya Songosongo inavuka chini ya bahari kwa bomba tangu mwaka 2004. Mei 2024 kebo mbili za intaneti zilipokatika baharini, nchi nzima ilihangaika. Mali hizi zinataka ulinzi, na ulinzi wa chini ya maji unamhitaji fundi umeme sawasawa na baharia.

Maji ya chumvi hupitisha umeme, ndiyo maana humeza mawimbi ya redio. Rada inayoona meli ya mbali haiioni nyambizi iliyozama. Kinachosafiri humo ni sauti, takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za madini ya kwatsi: ukizipa umeme hutetemeka na kutoa sauti, mwangwi ukirudi ukazigusa, hutoa umeme. Sona, yaani kifaa cha kutafuta vitu chini ya maji kwa sauti, imesimama juu ya kazi hiyo mpaka leo.

Pale mezani utaona kisahani chembamba cha shaba, chenye tabia kama ya fuwele hizo, tulichokitoa kwenye king'ora kibovu. Tumekifunika kwa gundi maji yasiingie, tukakiunganisha na amplifaya. Tulipokizamisha ufukweni Shangani, spika ilinguruma kwa injini ya boti ambayo masikio yetu yalikuwa bado hayajaisikia. Wenzetu walishangilia kama wamefunga goli.

Chuma cha meli nacho kina usumaku. Mwaka 1939 Wajerumani walitega baharini mabomu yanayolipuka yakiuhisi usumaku huo. Waingereza walizungushia meli zao nyaya na kupitisha umeme wa kuupunguza. Mabaharia wengi waliokolewa na koili na hesabu, na sisi tunaona fahari kubwa kuwa katika ufundi huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafunzo yetu ya vitendo yote hufanyika nchi kavu, na karakana haina hata osiloskopu moja, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Tunaomba utusaidie kupata kifaa hicho, na wadogo zetu wanaobaki wapewe nafasi za mazoezi kwenye karakana za wanamaji, wakashike kebo za meli kwa mikono yao.

Tunaomba kuwasilisha.