Kuhusu nyimbo za harusi yako

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako kwamba nyimbo za Koffi Olomidé zisipigwe kwenye harusi nimeupata. Baba mdogo wako amenuna. Anasema muziki ni muziki, na kwamba tukianza kuchuja wanamuziki kwa tabia zao, wageni watakula bukari kimya kimya kama wako matangani.

Mimi niko upande wako, ila sababu uliyotoa siikubali. Unasema mtu mbaya hawezi kutunga kitu kizuri. Anaweza, tena sana. Zile nyimbo zake za miaka ya 1990 ni tamu, muulize mama yako. Papa Wemba naye mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa kuwapitisha watu Ulaya wakijifanya wanamuziki wake. Bado namsikiliza bila kinyongo. Wale watu walitaka kwenda, wakalipa, wakaenda.

Kwa Koffi ni jambo jingine. Video ya uwanja wa ndege wa Nairobi, Julai 2016, uliiona: mguu unanyanyuka, mcheza dansi wake mwenyewe anapigwa teke mbele za watu. Kenya ikamfukuza. Kisha Desemba 2021, mahakama ya rufaa ya Versailles, Ufaransa, ilimwondolea mashitaka ya dhuluma ya kingono, hilo tuliseme pia, lakini kwa kuwafungia ndani wacheza dansi wake ilimpa miezi 18, kifungo kilichoahirishwa.

Sasa fungua klipu yake yoyote. Macho yako yanakimbilia wapi? Yeye anatembea polepole na suti yake. Wanaocheza ni wasichana, magoti yamekunjwa, jasho shingoni, hakuna anayekosea hatua. Nusu ya kazi ni wao. Nitaitengaje kazi na kosa wakati kosa lilitendwa humo humo kazini, juu ya wanaoifanya?

(Majina ya matajiri wanaolipa mabanga ili watajwe ndani ya wimbo, hayo tunayacheza bila kuuliza fedha zimetoka wapi. Tutaongea siku nyingine.)

Mkiingia ukumbini, zipigwe nyimbo za Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa zamani, wazee wa mtaa wa Kamalondo watasimama. Wemba baada ya chakula. Baba mdogo wako akimtaka Koffi, anaye kwenye simu yake. Ukumbi nimelipia mimi. Nitumie orodha kabla ya Jumapili, mpiga muziki anadai avansi yake.

Baba yako,
Lubumbashi