Wanaokwenda Lilongwe kulea watoto: someni kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Anzeni na hati ya tabia njema. Polisi watachukua alama za vidole na hati haitoki papo hapo, basi msingoje wiki ya mwisho. Bila hiyo hakuna atakayekabidhiwa mtoto, awe nani. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana kadi huanza kuhesabika hapo.

Zamu nyingi ni za vichanga, na kosa kubwa huwa kwenye maziwa ya kopo. Unga wake hauko safi kabisa, una uwezekano wa kuwa na vijidudu, ndiyo maana maji yasipungue nyuzi 70: chemsha, tumia kabla dakika 30 hazijapita. Maji kwanza, unga baadaye, kwa kijiko cha kopo lenyewe, ukisawazisha kwa kisu. Ukizidisha maji ili kopo lidumu, mtoto anakonda huku anaonekana ameshiba. Poza chupa kwenye maji baridi, dondoshea mkononi upande wa ndani. Maziwa yakikaa zaidi ya muda wa saa mbili tangu yatengenezwe, mwaga, hata kama inauma. Chupa isiegemezwe kwenye mto, mtoto hupaliwa. Mpakate, umtazame.

Jambo jingine: kila mlezi abaki na watoto wale wale. Kubadilishwa mikono kila siku kunawaumiza. Anayeweza wiki 2 tu, tafadhali aombe kazi za jikoni au kufua.

Hati zikitoka nitumieni inbox, si hapa.