Magari ya kale yaliyopunguzwa uzito yahukumiwe kwa mizani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao kwa miaka mingi sasa umewagawa wapenzi wa magari ya michezo ya zamani. Nazungumzia kazi ya mafundi wanaochukua gari lililotengenezwa miongo kadhaa iliyopita, wakalivua hadi likabaki chuma kitupu, kisha wakalijenga upya kwa nyuzi za kaboni, alumini na vifaa vya kisasa ili liwe jepesi kuliko lilivyotoka kiwandani. Kundi moja huiona kazi hiyo kuwa ni kufuru, kwa hoja kwamba ya kale ni dhahabu na hayafai kuguswa. Kundi la pili husifu kila kinachotoka katika karakana hizo, mradi kinang'aa na bei yake inatisha. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yanabishana kuhusu mambo ya pembeni, huku lile la msingi, ambalo ni uzito wenyewe, likitajwa kwa kupita tu.

Wanaodai kwamba kulipunguzia gari la kale uzito ni kulivunjia heshima wanasahau kwamba viwanda vyenyewe ndivyo vilivyoanza. Mwaka 1965 kampuni ya Alfa Romeo ilitoa Giulia Sprint GTA, ambayo kwa macho ya mpita njia haikutofautiana sana na Giulia Sprint GT ya kawaida, lakini bodi yake ilikuwa ya mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti juu ya kiunzi cha chuma, na uzito wake ulishuka hadi kilo 745, yaani takriban kilo 200 chini ya ndugu yake. Mwishoni mwa 1972 Porsche nao walileta 911 Carrera RS 2.7. Katika toleo lake jepesi, lenye kilo 960, chuma cha bodi na vioo vilifanywa vyembamba, viti vya nyuma vikaondolewa, saa ya kwenye dashibodi ikaondolewa pia, na kipande cha mkanda kikafungwa mlangoni mahali pa mpini. Hata nembo ya boneti, ambayo kwa kawaida ni ya chuma, ikawa ya kubandika. Mhandisi aliyekaa akaona kwamba nembo nayo ina gramu za kupunguzwa hakuwa akifanya mzaha.

Injini ya RS hiyo ilitoa nguvu za farasi 210, kiwango ambacho siku hizi kinapitwa na magari mengi ya kubebea familia. Hata hivyo, hakuna mpenzi wa magari asiyelitaja kwa heshima, na sababu yake iko kwenye kilo. Kila kilo iliyomo ndani ya gari lazima isukumwe wakati wa kuondoka, izuiwe wakati wa kufunga breki na ivutwe kuingia kwenye kona. Ikiondolewa, tairi zinaweza kuwa nyembamba, breki zinaweza kuwa ndogo, springi zinaweza kuwa laini, na kila kimoja kati ya vitu hivyo kikipungua huleta upungufu mwingine. Anayeongeza nguvu za injini hupata faida moja tu, tena kwenye barabara iliyonyooka.

Kwa kipimo hicho, kampuni ya Singer Vehicle Design, iliyoanzishwa California mwaka 2009 na Rob Dickinson, Mwingereza aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya roki, inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Sifa ni kwamba haigusi magari adimu. Huchukua Porsche 911 ya aina ya 964, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1994 kwa idadi inayozidi 60,000, ikaivalisha sehemu kubwa ya bodi ya nyuzi za kaboni na kuirudishia umbo la 911 za zamani zaidi. Kati ya Carrera RS 2.7 zipatazo 1,580 zilizotengenezwa, kukata hata moja kwa ajili ya kazi kama hiyo ningeliona ni kosa. Kukata 964 ya kawaida sioni kosa lolote, ingawa nakubali kwamba aliyekuwa akidunduliza fedha anunue 964 yake ya kuendesha hivyo ilivyo sasa anashindana na matajiri.

Lawama yangu inahusu gari lao la DLS, walilolitengeneza kwa kushirikiana na Williams Advanced Engineering, kampuni ya uhandisi ya Uingereza, kwa wateja 75 tu. Uzito wake ni wa kusifiwa mno: takriban kilo 990, wakati 964 yenyewe, hata ile inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, hufikia karibu kilo 1,350. Lakini baada ya kazi hiyo yote ya kupunguza kilo, wakaweka injini ya lita 4.0 yenye nguvu za farasi 500, zaidi ya mara mbili ya zile za Carrera RS. Gari jepesi lenye nguvu kiasi hicho haliwezi kutumiwa ipasavyo katika barabara ya kawaida bila dereva kuvunja sheria, na kwa bei inayozidi dola milioni 1.5 wengi wa wenye nayo hawatathubutu kujaribu. Binafsi ningechagua GTA-R 290, Giulia iliyojengwa upya na mafundi wa Alfaholics wa Uingereza, yenye kilo 830 na farasi 240, ambayo bado inaheshimu hesabu ya Alfa Romeo ya mwaka 1965.

Kinachonishangaza zaidi ni upole wa watetezi wa uasilia kwa kampuni ya Jaguar. Mwaka 1963 Jaguar ilitenga namba za chasi 18 kwa ajili ya E-Type nyepesi za mashindano, zenye bodi ya alumini, lakini ikaunda 12 tu. Mwaka 2014 ikatangaza kwamba ingeunda sita zilizobaki na kuzipa namba zilezile zilizokuwa zimelala vitabuni kwa zaidi ya miaka 50. Watu wanaomkemea fundi wa California kwa kubadilisha boneti walipiga makofi, kana kwamba mlango wa kiwanda unatosha kuligeuza gari jipya kuwa la kale. Fundi anayesema wazi kwamba gari lake limejengwa upya namwona mkweli zaidi.

Kuna suala la vifaa ambalo nalo halizungumzwi inavyostahili. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu na chumvi, moja huanza kuliwa, na ndiyo maana GTA nyingi za asili zimeharibika pale pale mabati ya alumini yalipopigwa ribiti kwenye chuma. Sisi tunaoishi pwani, tunaojua upepo wa bahari unavyoyafanya mabati ya nyumba zetu, tunaelewa haraka jambo hili. Nyuzi za kaboni haziondoi tatizo, kwani nazo zikigusana na alumini huifanya iliwe vivyo hivyo, hivyo fundi mwangalifu huweka gundi au tabaka la kutenganisha kila mahali vinapokutana. Ukitaka kujua kama gari limejengwa kwa akili au kwa haraka, tazama viungio kabla ya rangi.

Tukumbuke pia kwamba wepesi una mahali pake. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari Rally ya enzi zile. Björn Waldegård alimaliza wa pili mwaka 1974 nyuma ya Joginder Singh aliyeendesha Mitsubishi Lancer, na Vic Preston Jr. naye akawa wa pili mwaka 1978. Waldegård alikuja kushinda kwa 911 mwaka 2011, katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, kwa gari lililoandaliwa na karakana ya Tuthill ya Oxfordshire. Magari ya mashindano hayo huongezewa bamba nene la kukinga injini, tairi za akiba na bodi iliyoimarishwa, kwa sababu mawe na makorongo yetu hayana simile. Karakana hiyohiyo mwaka 2023 ilionyesha 911K ya kilo 850, ambayo injini yake hufikia mizunguko 11,000 kwa dakika. Mafundi walewale wanaongeza kilo panapohitajika na kuzitoa panapohitajika, na huo ndio ustadi ninaoutetea.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wa kurasa za magari wawaulize watengenezaji maswali mawili kabla ya kusifu chochote. La kwanza ni kama gari lilipimwa likiwa tayari kwa safari au likiwa kavu, bila petroli, oili wala maji, maana tangi la lita 80 likijaa huongeza kilo zipatazo 60, na tofauti hiyo inatosha kumeza faida ya boneti na milango ya kaboni kwa pamoja. La pili ni mahali zilipohifadhiwa sehemu za asili zilizotolewa, kwani mmiliki ajaye anaweza kutaka kulirudisha gari lake lilivyokuwa, na bila boneti na mabawa yake ya chuma hataweza.

Wako,
Mpenzi wa magari ya zamani,
Mombasa