Leso za zamani zitandazwe, jina lisomeke

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimchukua mjukuu wangu wa darasa la sita kwenda kutazama maonyesho ya mavazi ya enzi ya ukoloni hapa Mombasa. Tulikuta kofia ngumu za jua, suti za kitani, na gauni la harusi la bibi wa Kizungu lililovishwa sanamu. Kando ya gauni palikuwa na karatasi ndefu ya kueleza lilishonwa wapi, lilikuja kwa njia gani na nani alilivaa. Pembeni kabisa, ndani ya kijikabati cha kioo, ikawekwa leso, ambayo wengine huiita kanga. Imekunjwa mara nne, yaonekana pindo na kipande cha mji, ile sehemu ya katikati, basi. Karatasi yake ilikuwa na maneno manne: "Nguo ya wanawake wenyeji."

Mtoto aliinama akaona herufi mbili tatu zimechungulia kwenye mkunjo. Akaniuliza, "Nyanya, imeandikwa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye leso, lilikuwa limefichwa ndani.

Mkunjo ule umenikera mpaka nimeshika kalamu. Anayejua leso anajua kwamba haikamiliki bila vitu vitatu: pindo, mji na jina. Ukificha jina umemziba mdomo aliyeivaa. Tena umempa mtoto fikira kwamba katika mji wa kikoloni waliokuwa na ladha na uchaguzi ni wale wa gauni, na hawa wengine walijifunga tu kile walichotupiwa.

Haikuwa hivyo. Mji huu ulijua biashara ya nguo kabla ya kujua reli. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake twazijua kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza Mombasa mwaka 1887, miaka minane kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao. Husimuliwa kuwa ni duka hilo lililoanza kuchapisha methali na mafumbo kwenye leso. Mwanzoni yaliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaingia za Kirumi. Na kabla ya maduka hayo, bahari ilikuwa imeshaleta nguo kwa msimu wake. Msimu wenyewe ulikuwa wa pepo: kaskazi ilivuta majahazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Merikani, kitambaa cha pamba kisicho na ua, ilitoka Marekani hasa, na vita vya wao kwa wao vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba yao, viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia. Jina merikani likabaki.

Meli za moshi hazikungoja upepo, lakini wenye maduka waliendelea kuwa na msimu wao. Kwa mabibi wa Kizungu, magazeti ya Kiingereza yalitangaza shehena mpya ya vitambaa na kofia zilizoteremshwa bandarini. Kwa watu wetu msimu ulikuwa Idd mbili na harusi za baada ya Ramadhani, na habari ilitembea kwa mdomo. Nyanya yangu alikuwa akisema kuwa leso mpya zikifika asubuhi, adhuhuri mtaa wetu wa Kibokoni wote umeshajua jina lake na nani atasemwa kwalo.

Niruhusu, Mhariri, nieleze alivyokuwa akinunua, maana nilimshika mkono mara nyingi nikiwa mdogo na nikayaona. Hakuanza na bei. Aliomba doti, leso mbili zilizoungana, ifunuliwe yote juu ya meza, akasoma jina kimoyomoyo, kisha akaangalia kama maandishi yamekaa katikati au yamekwenda upande. Halafu aligeuza nguo nyuma kuona kama rangi imepenya. Mwisho alilowesha kidole kwa mate, akasugua kipembe cha pindo, akajitazama kidole. Kidole kikiwa na rangi, leso inachuja, na hapo akiinuka hata kama mwenye duka amepunguza nusu bei. Aliporidhika, alilipa, tukatoka. Fundi wa barazani alizitenganisha mbili zile kwa mkasi, akazipinda huku sisi tumengoja. Nakumbuka harufu ya wanga na sauti ya cherehani ya miguu.

Mteja wa namna hiyo hatupiwi nguo. Wenye maduka walilijua hilo kwa hasara zao. Mchoro usiopendwa ulioza rafuni, na mchoro uliopendwa mwezi huu ungeweza kukataliwa mwezi ujao kwa kuwa kila mtu ameshaufunga. Ndiyo sababu walikaa wakisikiliza barazani, wakauliza wanawake wanataka nini, kisha wakapeleka maagizo kwa wachapishaji wa Uingereza na Uholanzi, na baadaye India na Japani. Kiwanda kilikuwa ng'ambo, lakini uamuzi wa nini kichapwe ulitoka kwa mwanamke aliyesimama mbele ya meza na kidole chake kimelowa. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya hapa Mombasa ndivyo vilivyozidi. Vilishindana kwa ngoma na kwa sare, na kundi likitokea na leso ya fumbo, kundi la pili halilali mpaka limepata leso ya kujibu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo nyumbani kwetu halikusemwa kwa sauti. Mama yake nyanya yangu alikuwa mtumwa katika shamba la minazi. Watumwa walivaa kaniki na merikani, nguo tupu zisizo na ua wala neno. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja. Waliotoka huko hawakupewa shamba wala nyumba. Kitu cha mwanzo ambacho wengi wao waliweza kujichagulia, kwa pesa ya kibarua chao, ilikuwa nguo, na walichagua leso mbili zenye rangi, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda kichwani kama waungwana. Mwanamke ambaye jana hakuwa na neno lake alitembea njiani akiwa ameandikwa neno alilolitaka yeye. Sasa nyie mnaotuandalia maonyesho, mwanamke huyo mnamkunja mara nne na kumwandikia "mwenyeji"?

Sisemi haya kwa kuwachukia waliopanga. Najua pesa ni haba, kabati ni dogo, na labda aliyepanga hakupata mtu wa kumwuliza. Watu wa kuuliza wapo. Wapo mafundi wazee wa Biashara Street ambao baba zao walipinda leso barazani hapo hapo. Wapo mama zetu wa miaka themanini na tisini wanaoweza kukutajia leso kwa jina, ilitoka mwaka gani wa harusi gani, na ilimchoma nani. Leso ya kisutu kila mtu anaijua kwa kuwa haijakoma kwenye harusi. Lakini michoro mingine mingi imebaki vichwani mwao tu, na wao wanatuaga mmoja mmoja. Nawaomba walimu wa shule zetu wawatume watoto kwa nyanya zao na daftari, wiki moja ya likizo inatosha kuanza.

Wenye maduka nao nawasihi. Nimeona kwa macho yangu vitabu vya sampuli vya zamani, vipande vya leso vimebandikwa kurasa kwa kurasa na maandishi ya penseli pembeni, vimewekwa stoo chini ya maboksi. Mchwa hawachagui. Simu ya mkononi inapiga picha nzuri siku hizi. Zipigwe kabla kitabu hakijawa unga, na nakala ipelekwe nyaraka za taifa au makumbusho.

Kuhusu leso ile ya kwenye kioo, ombi langu ni dogo. Ifunguliwe. Itandazwe ukutani kwa upana wake wote, jina lake liandikwe tena chini kwa herufi kubwa ili hata mtoto mfupi alisome, na ielezwe ilinunuliwa wapi na nani aliifunga, kama lilivyoelezwa gauni la jirani yake. Ikiwa mwenyewe hajulikani, isemwe hajulikani.

Wakiona nafasi inatosha, mimi ninayo moja ya nyanya. Imefifia, ina tundu la cheche ya jiko karibu na pindo la kushoto, na katikati imechakaa kwa kuwa alitubebea watoto sita. Jina bado linasomeka: SEMENI MCHOKE. Nitaileta mwenyewe, imepigwa pasi, na sitaikabidhi mpaka nimeoneshwa msumari itakapotundikwa.

Mama wa Kibokoni,
Mombasa