Shoga, ile kompyuta yako nimeifungua

Isevya, Tabora
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, baba watoto hajambo, na huko Ujiji ziwa nalo halijambo? Sisi wazima, ila vumbi. Vumbi la mwaka huu halina adabu. Tangu Mei hatujaona hata wingu la kutudanganya, ukianika kanga nyeupe asubuhi jioni unaanua kanga ya rangi ya chai.

Najua umenuna. Umepiga simu sijui mara ngapi, na ule ujumbe wako wa "mwenzangu umekufa?" niliusoma nikauacha. Si kiburi. Nilikuwa nakukimbia kwa sababu ya kompyuta.

Basi acha niseme. Ilianza kuzima. Mwanzoni mara mojamoja, nikasingizia umeme. Baadaye ikawa kila siku: niko katikati ya kuchapa barua ya mtu, feni inaanza kuunguruma kama lori la mbao linapanda mlima, halafu kimya. Mteja ananitazama, mimi namtazama. Nikaita fundi. Simtaji, mkewe ni mteja wangu. Hakugusa hata skrubu moja. Aliiwasha, ikazima, akatikisa kichwa kama daktari, akasema bodi imeungua, nimpe laki na ishirini, na vilivyomo ndani huenda vimepotea vyote.

Laki na ishirini ningelia nikanyamaza. Ni hilo la mwisho lililoninyima usingizi, kwa sababu ya picha za marehemu mama. Za harusi ya Mwanaidi, na ile anapepeta karanga anacheka, ungo uko hewani. Uliniambia zimo humo utakuja kuzichukua, na mimi kwa mdomo wangu nikasema usiwe na wasi, ziko kwa ndugu yako. Sasa ningepokea simu nikwambie nini?

Lakini kuna kitu kilinikaa kichwani. Asubuhi, kwenye ile baridi ya Julai, mashine ilikuwa inakaa hata saa nzima. Saa saba mchana haifikishi dakika kumi. Kitu kilichoungua kinachagua saa? Nikampigia Masanja, yule kijana anayezijua kompyuta. Akacheka, akasema hiyo haijafa, ina homa: prosesa, yaani ubongo wake, ikikaribia nyuzi 100 inajizima yenyewe isije ikaungua kweli. Na akasema diski, pale picha zinapokaa, ni kitu cha pembeni kabisa, hata bodi ikifa, diski haifi nayo. Kwa nini sikumpigia huyu mtoto mapema? Hata usiniulize.

Jumamosi ya wiki juzi nikafunga duka mapema. Nikachomoa waya zote, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ikiwa haina umeme, ile chaji iliyobaki imalizike, nikavua sweta maana kiangazi hiki linatoa cheche, nikashika chuma cha kasha kwanza ndipo nikagusa vya ndani. Yote hayo maagizo ya Masanja. Kufungua ubavu, shoga, nilidhani nimepasua godoro.

Feni ya prosesa ilikuwa imeota manyoya. Nikafungua skrubu zake nne nikaiinua. Chini yake kuna lile dude la bati lenye mapezi membamba kama meno ya kitana, hewa ndiyo inapita humo kuondoa joto. Sikuona pezi hata moja. Vumbi lilikuwa limelala juu kama blanketi, kijivu juu, jekundu chini, na limefumwa kwa rasta. Unakumbuka Mama Sikujua alivyokuwa anasuka watu pale kibarazani? Rasta zake zote zimo humo. Nikaingiza ukucha pembeni nikalivuta, likang'oka zima kama ukoko wa wali. Ningelituma kwako ulione, ila nilishalitupa.

Na kosa ni langu. Wewe uliiacha juu ya meza. Mimi nikaishusha sakafuni karibu na mlango nipate nafasi ya mashine ya kopi, pale pikipiki zinapopita, halafu kwa mapenzi yangu nikawa naifunika kitenge ili vumbi lisiingie. Naifunika inawaka! Nimeiziba pua, halafu nashangaa inahema.

Nikaisafisha kwa brashi mpya ya rangi, taratibu, feni nimeishikilia kwa kidole isizunguke. Pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme, sikuifungua, nilipiga brashi kwenye matundu yake tu, maana humo umeme unabaki hata ukishachomoa waya. Ningeishia hapo ningekuwa malkia. Lakini kulibaki vumbi kwenye pembe nisizozifikia, na fundi pancha yuko pale ng'ambo ya barabara na kompresa yake, nikasema pumzi mbili tu. Puu ya kwanza likatoka wingu, vijana wa bodaboda wakapiga makofi. Puu ya pili yakatoka maji. Kumbe mtungi wa kompresa unakusanya maji chini, na huyu bwana sijui mara ya mwisho aliyamwaga lini. Maji, shoga, juu ya bodi ya mtu!

Nikaianika kivulini siku mbili. Kuja kuiwasha: tii, tii, tii. Skrini giza. Nilikaa sakafuni nikalia, sikufichi. Nikaona uso wa mama na ule ungo wake.

Masanja tena. Toa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, sugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, irudishe uikandamize mpaka iseme ka pande zote mbili. Nikasugua kama nafuta dhambi. Ikasema ka, ikasema ka. Nikawasha, ikawaka! Ikaniambia leo ni tarehe 1 Januari 2009, na kila tovuti ninayofungua inanikataa kwamba si salama, kisa tarehe. Hiyo ilikuwa ndogo, kabetri ka mviringo kama sarafu kanakotunza saa na tarehe kamekufa, nimepata kengine kwa fundi saa.

Kabla sijafanya lolote nilinakili picha za mama. Zote zipo. Nimeziweka kwenye flashi mbili, moja iko sandukuni kwangu na nyingine ni yako. Ile ya karanga nimeitazama sana. Sikumbuki kama alikuwa anatucheka sisi au anamcheka aliyeshika kamera.

Sasa mashine inashinda kutwa, nimeipandisha juu ya kreti ya soda na kitenge inavaa usiku ikishazimwa. Ila mchana wa saa nane bado feni inapiga kelele. Masanja anasema ile dawa ya kupaka kati ya prosesa na bati imekauka, ni ya tangu ulipoinunua; lazima bati ling'olewe, ya zamani ipanguswe kwa spiriti, ipakwe mpya kiasi cha punje ya njegere. Dukani huku nimeuziwa kitu kama dawa ya meno, siiamini. Shemeji akienda Dar anaweza kuninunulia? Anaijua, au nimwandikie jina?

Na wewe, ulitaka niirudishe mashine au unaniachia? Sema kweli, usione haya. Bado umeninunia? Flashi niitumeje: nimpe konda wa basi, au nisubiri mtu? Konda simwamini na mama yetu. Kuna mtu wenu anayepanda treni kuja huku kabla ya mwezi kwisha? Akija nitampa na asali, ile nyeusi ya Sikonge uipendayo, na karanga. Mguu wa Babu umepona? Na dagaa, mbona umenyamaza kuhusu dagaa?

Ni mimi mwenzio,
Mwajuma

Nilisahau: yule fundi alipita Alhamisi kutoa kopi. Akaiona inawaka, akaizunguka, akauliza nani kaitengeneza. Nikamwambia fundi pancha.